Golikipa wa Dakika ya 21: Je, Aliyekosea Atolewe?

Bwana msimamizi, makocha wenzangu wa Kasongo na Kabambare, walimu wa michezo, nanyi manahodha mliofunga safari ya pikipiki kuja kutusikiliza.

Nimeombwa niseme kama kocha anapaswa kumweka benchi mchezaji aliyekosea. Wengi wetu jibu tunalo tayari, na mara nyingi si letu. Ni la watu waliosimama kandokando ya uwanja, ambao huku kwetu kusiko na uzio wako hatua mbili tu nyuma ya mgongo wa kocha. Wakianza kupiga kelele "mtoe huyo!", mkono unainuka wenyewe.

Kelele za namna hiyo zilishawahi kuifikia timu yetu ya taifa mbele ya dunia nzima. Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Leopards wa Zaire, kama Kongo yetu ilivyoitwa wakati huo, walikuwa wanacheza na Yugoslavia. Miezi mitatu kabla walikuwa wametwaa Kombe la Afrika kule Misri, na golikipa Kazadi Mwamba alikuwa miongoni mwa nguzo zao. Haikufika dakika ya 20 wakawa wamefungwa magoli matatu. Dakika ya 21 kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi na kumwingiza Tubilandu Dimbi. Tubilandu hajakaa sawa langoni, la nne likaingia. Mapumziko yalifika ikiwa 6–0, na mechi ikaisha 9–0.

Tuhesabu pamoja. Magoli matatu yaliingia Kazadi akiwa langoni, sita baada ya yeye kutoka. Ugonjwa haukuwa golini. Wachezaji wale waliingia uwanjani wakiwa na kinyongo cha posho ambazo hazikuwafikia, na timu yenye kinyongo hata ukiiwekea magolikipa wawili haitapona. Baadaye Vidinić mwenyewe alisimulia kwamba amri ya kumtoa golikipa ilitoka kwa mtu wa wizara. Siku hiyohiyo mwamuzi naye alimpa kadi nyekundu Ndaye Mulamba, mfungaji wa magoli 9 kwenye Kombe la Afrika mwaka huo, kwa teke lililopigwa na Ilunga Mwepu. Ilikuwa siku ya kuadhibiwa kwa makosa ya wengine.

Siku nne baadaye Kazadi alirudi langoni dhidi ya Brazil, waliohitaji ushindi wa magoli matatu ili wavuke. Walipata matatu kamili, na la tatu, shuti la Valdomiro, lilimpenya kwa kosa lake la wazi. Sitaki basi mdhani nimekuja kumtetea golikipa asiyekosea. Wazee husema kuteleza si kuanguka, lakini golikipa akiteleza ameshaanguka, na mpira uko wavuni. Ninachosema ni kwamba kosa lake halisi lilikuwa la tarehe 22, wakati adhabu alishaitumikia tarehe 18.

Sasa tuje karibu. Januari 2024, kwenye Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, tuliitoa Misri kwa mikwaju ya penalti, 8–7. Arthur Masuaku alikosa wake. Kocha wetu Sébastien Desabre hakumficha. Siku tano baadaye, katika robo fainali na Guinea, nahodha Chancel Mbemba alisababisha penalti iliyotuweka nyuma, akabaki uwanjani, na dakika saba baadaye akasawazisha. Goli la tatu, lililozima kabisa matumaini ya Guinea, lilikuwa frikiki ya Masuaku.

Mtasema Desabre ana wachezaji wa Ulaya. Kweli. Lakini ndiyo maana sisi tunahitaji subira kuliko yeye. Akimpumzisha beki, beki huyo anarudi klabuni kwake na mshahara wake unaingia. Kijana wa Kabambare hana mkataba. Ukimtoa kwa aibu mbele ya mama yake na wachumba watarajiwa, Jumatatu yuko njiani kuelekea machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na humwoni tena. Na wewe ulikuja na wachezaji 14, golikipa wa akiba akiwa ni winga mrefu.

Niungame la kwangu. Niliwahi kumtoa beki kijana kabla ya mapumziko kwa sababu alirudisha pasi fupi tukafungwa. Nilimfokea pia. Jioni mwenzake akaniambia kwamba alikuwa na homa siku ya tatu, ila alinificha asije akapoteza namba. Nilimfundisha kuogopa benchi, naye akajifunza kunificha. Kosa lile lilianzia kwangu.

Je, hakuna wa kutolewa? Wapo. Anayekosea kwa sababu hakuja mazoezini, anayerudia kosa lilelile wiki ya tatu baada ya kuelekezwa, anayemtukana mwenzake. Huyo benchi linamfaa, ila aambiwe sababu faraghani, siku moja kabla, na aambiwe afanye nini ili arudi. Kumbadilisha mtu kwa kazi maalumu ni jambo lingine kabisa: Novemba 2025 mjini Rabat, tulipocheza na Nigeria, Desabre alimtoa Lionel Mpasi mwishoni mwa dakika za nyongeza, akamwingiza Timothy Fayulu kwa ajili ya penalti tu. Tulishinda, na hakuna aliyesema Mpasi ameadhibiwa.

Kwa zoezi la mchana naomba kila kocha achukue karatasi, akumbuke goli la mwisho alilofungwa kwa kosa la mtu, kisha arudi nyuma pasi tatu kabla ya kosa hilo na kuandika kila alichokiona: nani aliacha nafasi, nani hakuita, yeye kocha alikuwa akipiga kelele gani. Jina la aliyekosea msiliandike.