Mkono Ukisimama, Chungu Kisisimame

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Rumonge)





 

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya bima ya kipato, ambayo wengine wetu huiita asiransi. Hii ni mapatano ambayo mtu hutoa mchango wakati ana nguvu, ili siku atakapopatwa na ugonjwa au ulemavu wa kumzuia kazi, apate fungu la kulisha nyumba yake. Bima ya matibabu humlipa mganga. Bima ya kipato hukitazama chungu jikoni. Mambo haya mawili watu wengi huyachanganya.

Sisemi kama mtaalamu. Nasema kama mtu aliyelala. Miaka iliyopita nilianguka kutoka juu ya mchikichi nikikata mikungu, nikavunjika nyonga, nikalala miezi mitano. Juma la kwanza nyumba yangu ilijaa watu, na fedha za hospitali zilipatikana zote kwa mchango wa msikitini. Mwezi wa pili waliokuja walikuwa wachache. Mwezi wa nne mke wangu aliuza mbuzi wetu, kisha akauza cherehani yake, iliyokuwa ikimpatia riziki. Wallahi simlaumu mtu, kwani kila mmoja ana chungu chake. Lakini nilijifunza jambo hili: ukarimu wetu ni mwingi siku ya msiba, na msiba wa mazishi una siku zake, ama ulemavu hauna siku ya kuanua tanga.

Tujitazame sisi wenyewe. Mwambao huu waishi kwa mikono. Wako wanaotoka jioni na taa kwenda kuvua ndagala na mukeke, wakarudi alfajiri. Wako wanaopanda michikichi na wanaokamua mawese. Wako wanaobeba magunia bandarini. Kazi zote hizi zataka mgongo mzima na vidole kumi. Basi yatupasa tuulize: mkono ukisimama, nani atalipa?

Kwa mfanyakazi wa mshahara liko jibu. Ujerumani, iliyotawala nchi hii kabla ya Vita Kuu vya Kwanza, ilitunga sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na sheria ya bima ya uzee na ulemavu mwaka 1889, kwa ajili ya wafanyakazi wa kwao. Hapa kwetu taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, tuijuayo kwa jina la INSS, iliundwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Inashughulikia pensheni, pamoja na ile ya ulemavu, na ajali za kazini kwa wale walioandikishwa na waajiri wao. Basi ewe kijana uliyeajiriwa, usingoje kuumia ndipo uulize kama bwana wako amekuandikisha. Omba namba yako leo, na uthibitishe kuwa michango inafika.

Lakini mvuvi anayegawana samaki na mwenye mtumbwi, na mkata mikungu anayelipwa kwa siku, mara nyingi hawana mwajiri wa kuwaandikisha. Hao hawana budi kujitafutia wenyewe, ama kwa kununua bima ya kampuni, ama kwa kuungana. Na kwa njia yoyote watakayoishika, yako maswali ambayo lazima yaulizwe kabla ya kutia sahihi. Mimi nayaita maswali ya kitandani, kwa sababu hati husomwa vema na mtu anayejiona tayari amelala.

Swali la kwanza ndilo kubwa kuliko yote: hati inamwita nani mlemavu? Ziko hati zinazosema ni yule asiyeweza kufanya kazi yake mwenyewe, na ziko zinazosema ni yule asiyeweza kufanya kazi yoyote. Tofauti ni neno moja, lakini ndani yake mna njaa au shibe. Mvuvi aliyekatika vidole vinne hawezi tena kuvuta wavu. Kwa hati ya kwanza atalipwa. Kwa hati ya pili ataambiwa: "Bwana, waweza kukaa kibandani ukauza chumvi, wewe si mlemavu." Uliza pia habari ya yule aliyepona nusu, anayeweza kazi ya nusu siku: je, atapata fungu lolote?

Swali la pili: malipo yaanza lini? Kwa kawaida bima ya namna hii ina muda wa kungoja. Katika ile sheria ya Ujerumani ya mwaka 1884, malipo ya ajali yalianza baada ya majuma 13, na aliyepoteza kabisa uwezo wa kazi alilipwa theluthi mbili za ujira wake. Majuma 13 yale yalibebwa na mfuko wa wagonjwa uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1883. Mfano huu watufunza kwamba muda wa kungoja si kosa, maadamu liko jambo jingine la kuujaza. Ukingoja muda mrefu, mchango hupungua. Mvuvi wa taa amezoea kupumzika wakati wa mbalamwezi, na pengine aweza kustahimili siku 14 kwa akiba yake. Je, aweza kustahimili siku 90? Kila mtu aipime akiba yake kwanza, ndipo achague.

Swali la tatu: malipo yatadumu muda gani, nayo ni kiasi gani? Kulipwa mwaka mmoja si sawa na kulipwa mpaka uzeeni. Tena sote twaona jinsi faranga inavyopungua nguvu sokoni. Fungu lililoandikwa leo bila nafasi ya kuongezwa, baada ya miaka kumi laweza lisinunue hata unga wa juma moja. Na kwa kawaida kampuni humlipa mtu kwa kulinganisha na kipato alichothibitisha. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwani hatuandiki. Nawasihi kila mmoja awe na daftari: leo nimevua kiasi hiki, nimepata faranga kadha. Dini yetu imetufundisha kuandika deni. Basi na riziki tuiandike.

Swali la nne: ni yapi yasiyolipwa? Angalia maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, na hasa maumivu ya mgongo. Usiyafiche, kwani yakigunduliwa baadaye waweza kunyimwa yote. Uliza pia: nikikosa mchango miezi miwili kwa sababu samaki wameadimika, je, nimetolewa? Na hati ikiwa kwa Kifaransa, tafuta mtu wa kuaminika akusomee kila mstari, hata maandishi madogo ya mwisho.

Sasa najua wako wanaouliza moyoni: je, jambo hili ni halali? Swali hili ni la haki, na wenye neno ni Masheikh wetu. Mimi naeleza tu yaliyokwisha amuliwa. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lililokutana Jeddah, liliamua kwamba bima ya biashara yenye mchango maalumu ina gharari kubwa, kwa hiyo ni haramu. Na kwamba badala yake ni bima ya ushirika, iliyosimama juu ya tabarrui na kusaidiana. Wako wanavyuoni walioona vingine, kama marehemu Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, aliyeijuzisha bima. Kampuni ya bima kwa njia hii ya takafuli ilianzishwa Sudan mwaka 1979, na nchini Kenya ilianza nyingine mwaka 2011. Na mizizi ya kubebeana mizigo ni ya kale, kwani katika Madina ya Mtume (S.A.W.) kila kabila lilibeba kwa pamoja diya iliyomwangukia mmoja wao.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, naleta shauri langu. Natuanzishe mfuko wa chama kwa nia ya tabarrui, kila atoaye awe amempa ndugu yake kabla ya kujitazamia mwenyewe. Natoa hesabu kwa mfano tu. Watu 60 wakitoa faranga 5,000 kila mwezi, kwa mwaka ni faranga 3,600,000. Tukisema mwenye kuumia apate faranga 150,000 kwa mwezi, kwa miezi sita isizidi, kila mmoja atachukua 900,000. Mfuko utawabeba watu wanne. Wa tano akiumia, hakuna kitu. Kwa sababu hiyo mwaka wa kwanza tuweke akiba tusilipe, na tusiahidi yale tusiyoweza.

Na maswali yale manne ya kitandani tujiulize sisi wenyewe, majibu tuyaandike katika katiba ya mfuko kabla faranga ya kwanza haijaingia: nani ni mlemavu, nani atathibitisha, malipo yaanza siku gani, yaisha lini. Hesabu isomwe mbele ya wote, na mshika fedha asiwe ndiye mshika daftari. Mifuko mingi hufa kwa aibu ya kuulizana. Tuulizane mapema, tukiwa wazima na tukicheka, kuliko kuulizana mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivi ni kupungukiwa na tawakuli. La hasha. Mvuvi amtegemeaye Mungu hukagua mtumbwi wake kabla ya kuusukuma majini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba imani yake ni haba.

Nami kila nipitapo mlangoni kwangu naona mahali ilipokaa ile cherehani. Laiti wakati ule ningalikuwa na faranga 150,000 kwa mwezi, ingalikuwapo hata leo. Namwomba Mwenyezi Mungu atukinge na ajali za nchi kavu na za majini, awaponye wagonjwa wetu, na atupe umoja wa kulitimiza jambo hili.