Jiwe la Kuanzishia Tangi la Bahari Jijini Nairobi

Tangi la maji ya bahari linalowekwa sebuleni Lavington au kwenye mapokezi ya ofisi Westlands liko takriban kilomita 480 kwa barabara kutoka Mombasa, na karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Umbali huo na mwinuko huo ndivyo vinavyopaswa kuamua jiwe gani liingie tangini kwanza. Makala haya yanashikilia kwamba mkazi wa Nairobi atafaidika zaidi na jiwe kavu la matumbawe ya kale, lililochimbwa nchi kavu, kuliko jiwe hai, yaani lililong'olewa mwambani pamoja na viumbe wake.

Samaki hutoa amonia, na kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake ni kama 8.2, sumu hiyo huwa kali kuliko katika maji yenye pH ya chini. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, wa aina nyingine huifanya nitriti kuwa nitrati. Makao yao ni jiwe lenye vitundu. Ndani kabisa, oksijeni isikofika, huishi wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyotunza matangi kwa mawe hai na mapovu ya hewa, na wafugaji wa samaki wa mapambo duniani wakayapenda mawe hayo.

Lakini Jakarta iko ufuoni. Jiwe linalosafiri usiku kucha likiwa limefungwa magazeti mabichi hufika Nairobi sponji na minyoo yake ikiwa imeanza kufa, na uozo huo humwaga amonia nyingi bila kipimo. Kuna pia sheria: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na katika hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, hairuhusiwi kuchukua kitu.

Tena miamba yenyewe imeumia. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe waliamua kufunga sehemu ya bahari yao na kuifanya tengefu ili samaki na matumbawe yarudi. Kung'oa mwamba ulio hai ili upambe nyumba ya Kilimani ni kuwavunja moyo watu waliojinyima riziki ili kuuponya.

Jiwe mbadala lipo tele. Ukanda wa pwani umejengeka juu ya matumbawe ya bahari ya kale, ambayo leo ni chokaa ya nchi kavu. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, imesimama juu ya mwamba huo. Kiwanda cha Bamburi kimeutumia kutengeneza saruji tangu 1954. Na mafundi wa Kilifi na Kwale huuchonga matofali ya nyumba. Mnunuzi achague kipande chepesi kuliko kinavyoonekana, chenye matundu mengi, kisichoshikwa na saruji. Akidondoshea siki, chokaa itatoa povu. Jiwe la Mazeras linalouzwa Nairobi kwa kusakafia ua halifai: ni jiwe la mchanga. Jiwe la kujengea la hapa jijini nalo ni la volkeno. Chokaa isuguliwe kwa brashi, kisha ilowekwe kwa wiki kadhaa na maji yabadilishwe mara kwa mara.

Maji ya mfereji yana klorini, na visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, kwa hiyo chumvi ya bahari ichanganywe na maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume. Suala la hewa husahaulika: mgandamizo wa hewa wa Nairobi ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua vivyo hivyo. Bakteria wa amonia wanaihitaji sana. Pampu iwe na nguvu ya kutikisa uso wa maji, iwe na betri ya akiba umeme ukipotea, na hita ishikilie nyuzi 25 hadi 27 usiku wa Julai.

Tangi la lita 200 linatosheka na kilo 20 hadi 30 za jiwe hilo kavu. Mbegu ya bakteria ni jiwe moja la ukubwa wa ngumi kutoka tangi lenye afya la mfugaji mwingine wa humu jijini. Chakula chao, kipande cha kamba mbichi kutoka City Market, barabara ya Muindi Mbingu. Amonia itapanda, nitriti itafuata, kisha zote zitashuka. Kazi hii huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Tangi likiweza kumaliza miligramu 2 za amonia kwa lita, pamoja na nitriti yake, ndani ya saa 24, sehemu ya maji ibadilishwe ili kupunguza nitrati, na samaki wa kwanza, mmoja au wawili, waingizwe.