Mikutano ya Watu wa Vitabu na Lugha ya Delta ya Rufiji



Mada niliyoichagua huenda ikaonekana kuwahusu zaidi wafanyabiashara kuliko wanaisimu. Ninakusudia kuzungumzia mikutano ya watu wa vitabu, yaani semina, warsha na maonyesho ambamo wachapishaji, wahariri, waandishi, wachoraji na wauzaji hukutana ili kufahamiana na kufundishana kazi. Hoja yangu ni kwamba mikutano hiyo ni mojawapo ya mahali ambapo Kiswahili sanifu hutengenezwa, na asiyekuwa na kiti humo hukosa sauti katika lugha ya kitabu. Mfano wangu utatoka delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Rufiji katika muongo wa 2010.

Tuanze na historia. Usanifishaji wenyewe ulizaliwa mkutanoni. Mwaka 1928 wajumbe walikutana Mombasa na kukubaliana kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwezi Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Mojawapo ya kazi za Kamati hiyo ilikuwa kukagua lugha ya vitabu vya shule na kuvipa ithibati kabla havijachapishwa. Kwa maneno mengine, ilikuwa kamati ya lugha na wakati huohuo baraza la watu wa vitabu. Katika miaka yake ya mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu, wengi wao maofisa na wamisionari. Wenye lugha walijadiliwa pasipo wao kuwapo. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloomba tulikumbuke: orodha ya waalikwa ni uamuzi wa kiisimu.

Baada ya uhuru swali lilibadilika. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na Chama cha Wachapishaji Tanzania kikaundwa mwaka 1979. Mwaka 1984 Wakfu wa Dag Hammarskjöld uliandaa semina Arusha kuhusu uwezo wa Waafrika kujitegemea katika uchapishaji. Mwaka 1992 ukaundwa Mtandao wa Wachapishaji wa Afrika, makao yake yakiwa Harare, mji ambao tangu mwaka 1983 ulikuwa na maonyesho makubwa ya vitabu. Katika mikutano ya aina hiyo mchapishaji mdogo hujifunza mambo ambayo hakuna shule iliyomfundisha: kukadiria gharama za toleo, kuandika mkataba usiomdhulumu mwandishi, kununua na kuuza haki za tafsiri. Hupata pia marafiki wa kazi, na katika biashara ya vitabu rafiki wa kazi ni mtaji.

Tusidharau mazungumzo yanayoonekana kuwa ya pembeni. Mwaka 1998, katika maonyesho ya Harare, Profesa Ali Mazrui alipendekeza kuwa viteuliwe vitabu bora 100 vya Afrika vya karne ya ishirini. Wazo hilo lilichukuliwa na wachapishaji, waandishi, wakutubi na wasomi, na orodha ikatangazwa mwaka 2002. Ndani yake kimo kitabu cha Shaaban Robert, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili ilikaa safu moja na kazi za Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu kwa sababu walikuwapo watu waliokutana na kukubaliana kuitafuta.

Hata hivyo, kukutana peke yake hakutoshi. Mwaka 1991 ulianzishwa nchini mwetu Mradi wa Vitabu vya Watoto, ukisaidiwa na shirika la CODE la Kanada. Mradi huo uliendesha warsha za waandishi, wachoraji, wahariri na wachapishaji. Lakini uliunganisha mafunzo hayo na soko. Kitabu kilichopita kwenye mchujo kilihakikishiwa kuwa sehemu ya nakala zake zitanunuliwa na kupelekwa shuleni. Mwandishi aliyetoka warshani alijua kuwa mswada wake ukiwa mzuri utakuwa kitabu, na mchapishaji alijua kuwa nakala hazitaoza ghalani. Mafunzo bila soko huzaa vyeti vya kuhudhuria. Soko bila mafunzo huzaa vitabu vibovu.

Sasa twende delta. Huko, mbali ya Kiswahili, wamo wasemaji wa Kindengereko na Kirufiji, na Kiswahili chao kina utajiri ambao wahariri wetu hawajaufikia. Tuchukue mikoko. Kwa mtu wa bara, huo ni mti mmoja unaoota kwenye tope. Kwa mtu wa Mbwera au Nyamisati kuna mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi, kikandaa na msikundazi, na kila mmoja una mahali pake na kazi yake. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Magome ya mkandaa hutoa rangi. Miti ikishakatwa, hupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majina hayo yalisafiri na majahazi hadi Uarabuni, ambako boriti za Rufiji ziliezekea nyumba. Mashambani nako kuna mlau, kilimo kinachofuata maji ya mafuriko yanapopungua, na kuna dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambamo mkulima hulinda mpunga wake.

Katika warsha moja niliyopata kuhudhuria, mswada wa hadithi ya watoto ulikuwa na neno mkandaa. Mhariri alilifuta akaandika mkoko. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mtoto wa Bukoba hatalielewa. Jibu lake si la kupuuzwa, kwani kitabu huuzwa nchi nzima. Lakini tulipime. Mtoto wa delta hutakiwa kusoma juu ya treni na theluji asizopata kuziona, na hakuna anayezifuta kwa ajili yake. Kwa nini basi mtoto wa Bukoba asijifunze neno moja kutoka Mbwera, hasa ikiwa mchoraji atauchora mti huo vizuri? Wala mhariri yule hakuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu wa delta mezani wa kumwambia kuwa mkandaa na mkoko ni miti miwili. Palepale, kwa kalamu moja, jambo la 1930 lilirudiwa.

Suala hili lina uzito zaidi leo. Mwaka 2013 Serikali iliamua kuwa vitabu vya kiada viandaliwe na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mchapishaji binafsi, ambaye kwa miaka mingi alitegemea vitabu vya kiada, amebaki zaidi na vitabu vya ziada na hadithi. Hana tena msomaji aliyeletewa na mtaala. Inampasa amtafute mwenyewe. Na huwezi kumtafuta msomaji usiyemjua.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, maonyesho na biashara ya haki yaendelee kufanyika mijini, kwani wanunuzi wako huko. Lakini warsha za uandishi na uhariri zihamie walipo wasomaji. Kibiti iko kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda kusini, na kutoka Bungu njia huelekea Nyamisati. Mchapishaji atakayesubiri maji yajae ndipo mashua iondoke ataelewa, bila kusomewa mada yoyote, kwa nini vitabu havifiki vijijini kwa wakati. Pili, wakata miti, wavuvi, wakulima na walimu wa delta wakae mezani kama wataalamu, walipwe kama wataalamu, na majina yao yachapishwe kitabuni. Tatu, sisi wanaisimu tuache kusubiri kitabu kitoke ndipo tukihakiki. Mradi wa Lugha za Tanzania ulitupatia atlasi ya lugha zetu mwaka 2009, na vyuo vyetu vina wanafunzi wanaokusanya msamiati kila mwaka. Orodha hizo zimfikie mhariri kabla kalamu yake haijafuta neno.

Wanafunzi wapendwa, ninyi ndio mtakaokuwa wahariri wa kesho. Mkandaa ukikatwa na kuachiwa eneo lake, huweza kuota tena. Neno likifutwa katika kila kitabu anachosoma mtoto, atakua akidhani halikuwa la haki kuandikwa, naye hatamfundisha mwanawe. Kabla hamjafuta, ulizeni. Na ili mpate wa kumwuliza, mwalikeni.