Siku ya Upepo Kambare Anakula: Mazungumzo na Wavuvi wa Tyubu

Haya ni maneno tuliyowaambia wavuvi wa Ziwa Baringo katika mkutano wao wa kando ya ziwa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili na ndugu wanaovua kwenye mabwawa na maziwa mengine wapate kuyasoma na kuyajadili katika vikundi vyao.

Asanteni kwa kuacha kazi na kuja kukaa nasi. Tunajua saa moja ya mvuvi ni pesa, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Kwanza tuseme wazi kwamba sisi si mabingwa wa kuvua. Tukitupa ndoano pamoja leo, ninyi mtatoka na samaki na sisi tutatoka na magugu. Kazi yetu ni kutembelea nyumba. Na mvuvi asiporudi, sisi ndio tunaoketi na mama watoto. Maswali yake huwa ni yale yale: Alitoka saa ngapi? Alikuwa na nani? Upepo ulikuwa unaelekea wapi? Kama aliingia ziwani peke yake, hakuna wa kumjibu. Ndiyo sababu tumekuja kuuliza maswali hayo mapema, wakati kila mtu yupo hapa na anaweza kujibu mwenyewe.

Neno letu leo ni moja tu. Siku ambayo kambare anakula vizuri ndiyo siku ambayo tyubu haifai kuingia katikati ya ziwa. Mambo hayo mawili huja pamoja, na hapo ndipo penye mtego.

KWA NINI KAMBARE ANAPENDA UPEPO

Ninyi mnamjua kambare kuliko sisi. Hana magamba. Ana sharubu nane mdomoni, na kwa hizo anapapasa na kuonja chakula chake. Hahitaji macho sana. Usiku anakula, na katika maji ya matope kama haya yetu ya Baringo anakula. Anakula wadudu, samaki wadogo, konokono, na hata mzoga. Tena ana kiungo maalum juu ya matamvua ambacho kinamwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anaishi kwenye matope ambapo samaki wengine wanakufa.

Sasa upepo ukivuma, mawimbi yanapiga ukingo. Matope yanakorogeka, wadudu na vijisamaki wanatikiswa kutoka kwenye majani, na harufu ya chakula inasambaa majini. Basi kambare anasogea kule mawimbi yanakopiga. Mvuvi anajua hivyo. Anaona maji yamechafuka, na moyo unamwambia: leo ndiyo leo! Hajakosea kuhusu samaki. Anapokosea ni kuhusu chombo alichokalia.

KWA NINI TYUBU HAIPENDI UPEPO

Wazee wa Ilchamus wamevua ziwa hili kwa chelezo cha ambachi, ule mti mwepesi unaoota majini. Ni chombo kidogo cha mtu mmoja, lakini kimefungwa kwa vipande vingi vya mti. Kipande kimoja kikivunjika, vingine vinaendelea kukubeba. Tyubu ya lori siyo hivyo. Ni chumba kimoja tu cha hewa. Kikitoboka, kimekwisha.

Tena tyubu haina mkuku wala usukani. Ni duara, kwa hiyo haina mbele wala nyuma, na upepo unaizungusha kama kifuniko cha sufuria. Wewe nawe umekaa juu yake, kifua na mabega yako yamekuwa tanga. Na jambo hili si wengi wanalijua: kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inazidi mara nne. Upepo ambao asubuhi uliushinda kwa kupiga makasia kidogo, mchana ukiongezeka mara mbili hutaushinda hata kidogo. Mikono ni ile ile.

Mnajua pia desturi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa. Asubuhi maji yanatulia kama kioo. Jua likipanda na nchi kavu ikipata moto, upepo unaamka, na alasiri ziwa limebadilika sura. Kwa hiyo anayeingia saa nne na kusema atatoka saa nane amepanga kurudi wakati mbaya kuliko wote.

Kuna jambo lingine la baridi. Mtu husema, "Sisi tuko Baringo, joto tupu, baridi itoke wapi?" Maji yanaondoa joto la mwili upesi zaidi kuliko hewa, mara ishirini na zaidi. Ukikaa saa tatu miguu majini, shati limelowa na upepo unakupiga, vidole vinaweza kufa ganzi. Vidole vyenye ganzi havifungui fundo wala havishiki kasia.

UPEPO WA KUJA NA UPEPO WA KWENDA

Vijana, hapa tunaomba mshike vizuri. Kuna upepo unaotoka ziwani kuja kwenye ukingo uliposimama. Huu unatisha kwa macho, kwa sababu mawimbi yanapiga miguuni pako. Lakini ukikushinda, unakurudisha nchi kavu.

Halafu kuna upepo unaotoka nchi kavu kwenda ziwani. Huu ndio mdanganyifu. Karibu na ukingo maji yametulia, kwa sababu mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Unaingia ukiwa unacheka. Kila hatua unayosukumwa mawimbi yanakua, na ukitazama nyuma, miti ya ukingoni imekuwa midogo. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kwa hiyo kabla ya kuingia, chukua vumbi kidogo mkononi, liachie, utazame linakwenda wapi. Likielekea ziwani, tyubu ibaki nchi kavu siku hiyo. Likija upande wako na mawimbi ni makubwa, tyubu pia ibaki. Hapo mshukuru, kwa sababu kambare mwenyewe amekuja ukingoni. Mtupie ndoano ukiwa umesimama nchi kavu, mahali pa wazi, mbali na vichaka, ukiwa na mwenzako wa kuangalia mamba. Siku ya upepo si lazima iwe siku ya njaa. Ni siku ya kuvua kwa namna nyingine.

MWIBA WA SAMAKI NA MIIBA YA ZIWA

Haya, tuje kwenye kutoboka. Kambare ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni. Akiogopa anausimamisha na kuukaza. Mkono wako unaujua. Sasa fikiri kambare huyo anarukaruka juu ya mapaja yako, na kati yake na maji kuna mpira mwembamba tu. Siku ya utulivu unaweza kumshika kwa utaratibu. Siku ya mawimbi, tyubu inayumba, samaki anateleza, na ndoano iko mdomoni mwake. Samaki asiletwe mapajani kamwe. Awekwe kwenye gunia lililofungwa kwenye kamba, lielee nyuma yako. Na kamongo, ambaye aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1970, ni hivyo hivyo au zaidi, maana taya zake zinauma kwelikweli.

Halafu kuna miiba ya ziwa lenyewe. Tangu mwaka 2010 hivi maji yalianza kupanda, na kufikia 2020 yalikuwa yamemeza mashamba, nyumba na barabara. Mnajua wenyewe mlikokuwa mkiishi. Lakini kumbukeni kwamba maji yalimeza pia ua za seng'enge, mabati na miti ya migunga yenye miiba. Vitu hivyo havionekani katika maji mekundu. Upepo ukikusukuma bila wewe kuchagua njia, ndiko utakakopitia. Mwenye boma lililozama anajua ua wake ulipita wapi. Basi wazee wawaonyeshe vijana, na mahali hapo pasimikwe miti mirefu yenye vitambaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi tyubu izamishwe kwenye maji ya ukingoni na itazamwe kama inatoa mapovu. Kiraka cha zamani kisiaminiwe. Valvu igeuzwe ndani isikukwaruze wala isishikwe na kamba. Tena tyubu isijazwe hadi mwisho na kuachwa juani, kwa maana hewa ikipata moto inapanuka na mpira unaweza kupasuka. Na ile iliyojazwa ikiwa ya moto italegea ikiingia kwenye maji baridi. Iangalie tena ukiwa bado karibu na ukingo.

Na kila mtu awe na hewa ya pili. Kama jaketi la kuokolea maisha halijapatikana, jerikeni tupu la lita 20 lenye kifuniko kizima linaweza kubeba uzito wa karibu kilo 20 majini. Mtu ambaye mwili wake uko majini anahitaji pungufu ya hapo ili kichwa kibaki juu. Lifunge kwenye tyubu kwa kamba unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja. Siyo sawa na jaketi, lakini linaweza kukupa nafasi ya kungoja wenzako.

UKIKAMATWA NA UPEPO

Ikitokea umeshikwa, fanya hivi. Kwanza kata mshipi. Ndiyo, hata kama kuna samaki! Ndiyo maana kisu kifungwe shingoni na si kwenye gunia. Kamba ya ndoano nyingi ikikuzunguka wakati wa mawimbi, ndoano zitaingia kwenye tyubu au kwenye mguu.

Pili, usiiache tyubu ati uogelee. Wengi wanaojua kuogelea huchoka katikati. Chombo kinachoelea huonekana kwa mbali, kichwa cha mtu hakionekani.

Tatu, usipigane na upepo uso kwa uso. Kata kwa mshazari, ukielekea ukingo wowote ulio karibu, hata kama si ule uliotokea. Kutembea kurudi nyumbani kwa miguu si aibu.

Nne, kama unasukumwa katikati, tupa ndoo iliyofungwa kamba ndefu. Ikijaa maji itakuvuta nyuma na kupunguza mwendo wako mpaka wenzako wafike. Lakini usijifunge nanga ya jiwe kiunoni, wala kwa fundo lisilofunguka upesi. Wimbi likipanda na nanga haipandi, tyubu inazamishwa.

Na giza lisikukute majini. Siku ya upepo humsikii kiboko akipumua, na mamba haonekani kati ya mawimbi. Miguu ya mtu wa tyubu inaning'inia chini siku nzima.

KIKUNDI KIAMUE KABLA YA NJAA

Mmoja wenu atatuuliza: "Mnasema vizuri, lakini mtoto amefukuzwa shule leo na upepo unavuma leo. Nifanye nini?" Hilo ni swali la haki, na hatutalikimbia. Mtu mwenye deni akisimama peke yake ukingoni, deni ndilo linaloamua. Kwa hiyo uamuzi usiachiwe mtu mmoja, na usingoje siku ya upepo.

Tunawaomba kikundi kikubaliane mambo matatu. La kwanza, wachaguliwe wazee wawili wa kutazama upepo kila asubuhi. Wakisema tyubu haziingii, haziingii, za mwenyekiti zikiwa za kwanza. Mpelekeeni jambo hili kamati ya BMU na afisa wa samaki, maana BMU ziliwekwa na kanuni za mwaka 2007 ili wavuvi wenyewe washiriki kutunza ukingo wao. Hapo hapo muulize ni vyombo gani na sehemu gani zinazoruhusiwa.

La pili, hakuna kuingia peke yako. Mwende wawili wawili, na ukingoni abaki mtu aliyeandika jina, saa ya kutoka na upande mlioelekea.

La tatu, muwe na mfuko wa siku ya upepo. Tuseme mko watu 15, na kila mtu anaweka shilingi 20 kila siku anayovua, siku tano kwa wiki. Hiyo ni shilingi 1,500 kwa wiki, na wiki nne ni 6,000. Si mali nyingi. Lakini inatosha kumkopesha unga yule ambaye siku ya upepo angeingia ziwani kwa sababu ya unga. Na ikibaki, inunue jaketi moja, halafu la pili.

Nanyi akina mama, tuna ombi kwenu. Mnaponunua samaki siku ya mawimbi, msimwambie kijana, "Mbona mwenzako ameingia?" Neno hilo dogo limesukuma watu wengi kuliko upepo. Mwambieni, "Kesho asubuhi nitakungoja."

Kambare wa leo, kesho bado yuko ziwani. Sasa tunanyamaza ili tuwasikilize ninyi. Tuanze na hili: ni nani wawili mtakaowachagua kutazama upepo kesho asubuhi?