Starehe Ndogo za Mtumishi Baada ya Kazi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Muleba



Tumeombwa kusema machache juu ya starehe za mtumishi akaapo mjini, nasi twajua kuwa wako watakaolidharau jambo hili. Watasema: Chama kina mambo makubwa ya mishahara, uhamisho na vyeo; starehe ni habari ya watoto na matajiri. Twaomba watuvumilie kidogo, maana twakusudia kuonyesha ya kwamba jambo hili si dogo, na ya kwamba mtu anayelipuuza hulipa gharama yake polepole, wala hapewi risiti.

Na tuanze kwa hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Kazi ya Serikali huanza saa 1.30 asubuhi na kwisha saa 9.30 alasiri. Tangu kufunga ofisi hata saa 4 usiku, wakati wa kulala, zapita saa 6 na nusu. Tukihesabu siku 250 za kazi katika mwaka, twapata saa 1,625; na katika utumishi wa miaka 30 ni saa 48,750. Humo hatukutia Jumamosi, Jumapili, sikukuu wala likizo. Basi tujiulize: saa hizi ni za nani, nazo zakwenda wapi?

Hesabu hii si sawa kwa wote. Karani mwanamke afungapo ofisi huanza kazi ya pili: sokoni, jikoni, kwa watoto na kwa wagonjwa. Saa zake sita na nusu zimekwisha gawanywa kabla hajafika mlangoni. Kwa hiyo kila tutakalolisema hapa juu ya starehe halina maana katika nyumba ambamo mmoja hustarehe na mwingine humtumikia. Mume atakaye kupumzika kwa haki, kwanza na amshike mkono mkewe katika kazi za nyumbani, ili wote wawili wapate nafasi.

Sasa, ukimwuliza mtumishi juu ya saa zake, mara nyingi hujibu hivi: "Hapa mimi ni mpita njia tu. Kwangu ni kwenye kibanja changu. Nikistaafu, nikamaliza nyumba, nikaitazama migomba yangu, ndipo nitakapopumzika." Maneno haya yana heshima yake, hasa kwetu Buhaya, ambako mtu asiye na kibanja huonekana kama mti usio na mizizi. Lakini tuyapime. Mtumishi huruhusiwa kustaafu kwa hiari katika umri wa miaka 55, na hulazimika katika umri wa miaka 60. Aliyeanza kazi na miaka 25, naye akangoja hata hapo, amejinyima miaka 30 au 35 ili aonje michache. Na twawajua wenzetu waliozikwa kabla ya kuionja hiyo michache. Kuweka akiba ya fedha ni busara. Akiba ya furaha haiwekeki. Furaha ya leo isipotumiwa leo huoza kama ndizi iliyoiva.

Waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Mwaka 1922 watumishi Waafrika wa Serikali walikutana mjini Tanga wakaunda chama chao, na aliyewaongoza alikuwa Bwana Martin Kayamba, karani mkuu wa huko. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, Waislamu kwa Wakristo, wengi wao wakiwa mbali na kwao. Chama kiliangalia hali zao za kazi, lakini pia kiliwapa mahali pa kukutana, kusoma magazeti na kucheza mpira. Mwaka uliofuata, 1923, gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam, na makarani wakawa miongoni mwa waliopeleka humo barua na mashairi yao. Kwetu Bukoba, mwaka 1924, makarani na walimu waliunda umoja wao wa Wahaya. Twapenda iangaliwe ya kwamba watu hao hawakungoja mishahara iongezwe ndipo wakutane, wala hawakuacha kuomba haki zao kwa sababu wamepata mpira wa kucheza. Mambo hayo mawili walikwenda nayo pamoja.

Miongoni mwa makarani wa zamani hizo yuko mmoja ambaye jina lake mwajua wote. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akaitumikia hata mwaka 1944, kisha akahamia idara nyingine, ikiwamo ya mifugo huko Mpwapwa. Alihamishwa kama sisi tunavyohamishwa. Mchana aliandika yaliyotakiwa na ofisi. Saa zilizosalia akaandika yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameacha vitabu ambavyo watoto wetu wavisoma shuleni.

Tena yuko mwingine wa ziwa letu hili, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza mwaka 1945 hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa lugha ya Kikerewe. Hakupata wa kuichapa. Mwishowe aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Ni miaka 35 ya kungoja. Twadhani mtu hawezi kulinda maandishi muda huo wote kama kazi yenyewe haikumpa faraja siku alipokuwa akiifanya.

Hatusemi kila mwanachama awe mtunzi. Kuna mtu ambaye ulimi wake ni bustani ya maua mbele ya nyumba ya kupanga. Mwingine huimba katika kwaya. Mwingine hushona, mwingine huchonga, mwingine hupika chakula cha kwao na kuwaita majirani. Twasema hivi tu: kila mtu na awe na jambo moja ambalo hakuna mkubwa wa kazi aliyemwagiza kulifanya.

Na hapa tulipo hatukosi vitu vya kuuburudisha moyo. Mtumishi anayeletwa kwetu kutoka Dodoma au Lindi, siku za kwanza huona mvua na migomba tu, akaandika barua ya kuomba kuondoka. Yatupasa tumwonyeshe. Aliye Bukoba mjini huweza kushuka kwa miguu jioni mpaka ufukoni, akaitazama Musira na mitumbwi ya wavuvi, wala halipi kiingilio. Siku ya mpira uko uwanja wa Kaitaba, ambako karani na mchuuzi hupiga kelele pamoja. Aliye Muleba ana vilima vyenye upepo mzuri, na safari fupi ya kwenda Kamachumu au Nshamba humfungua macho.

Tena iko kahawa yetu ya kutafuna. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa hata zikauke. Mgeni afikapo hupewa chache kiganjani, na mazungumzo huanza. Ndani ya ganda moja la buni mna punje mbili; kwa hiyo hapo kale watu wawili waliofanya udugu wa damu waligawana buni moja, kila mtu punje yake. Nani atasema kuwa kitu hiki ni kidogo? Bei yake haizidi sarafu chache, nacho kilikuwa kikiwafunga watu maisha yao yote.

Hali kadhalika senene. Wajapo kwa wingi, hasa Novemba na Desemba, hutegwa siku hizi kwa taa kali, mabati na mapipa. Hapo kale kazi ya kuwaokota ilikuwa ya wanawake na watoto wakati wa alfajiri. Kisha huja kazi ya kunyofoa mbawa na miguu, ambayo haifai kufanywa na mtu mmoja, maana ni ndefu. Hutaka watu wakae kwa duara na kuzungumza. Mgeni akikaribishwa katika duara hilo, hata kama hatawala, hatakuwa mgeni tena.

Nayo enanga isisahauliwe. Ni ubao uliochimbwa kama kihori, na juu yake kamba moja ndefu iliyozungushwa mara kadhaa. Mpigaji huipiga akisimulia habari za mashujaa kama Rukiza. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey alizinasa sauti za enanga katika nchi yetu. Marehemu Habibu Selemani alijulikana sana kwa ufundi huu, na Profesa Mulokozi aliandika juu ya tendi hizi utafiti wake mkubwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Ikiwa wataalamu wameona yafaa kuutafuta muziki huu kwa miaka, sisi tulio jirani nao twaweza kuutafuta kwa jioni moja.

Sasa twaja kwenye jambo la huzuni kidogo, lililotokea katika wilaya hii yetu ya Muleba. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Kicheko kikaenea hata kikawashika wasichana 95 katika 159. Wengine kiliwashika kwa saa chache, wengine kilirudi kwa siku hadi 16, pamoja na machozi na hofu. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudi kwao, kicheko kilifika Nshamba, na katika Aprili na Mei kiliwapata watu 217. Shule 14 kwa jumla zilifungwa. Waganga Rankin na Philip walipima na kuchunguza, wakaandika taarifa yao mwaka 1963: hawakuona sumu wala ugonjwa wa mwili. Wachunguzi wengi wa baadaye wamedhani kuwa watoto wale walikuwa wamebeba mzigo wa moyo uliokosa njia ya kutoka.

Ulimwenguni habari hii husimuliwa kama kichekesho. Sisi wa hapa haitufai kuicheka, maana waliopatwa ni mama zetu na shangazi zetu, na kicheko kile hakikuwa cha furaha. Twaitaja kwa sababu inatuonya. Mtu mzima wa ofisini naye hubeba mzigo: deni, barua ya karipio, mtoto mgonjwa mbali, mkubwa asiyesikia. Asipokuwa na wimbo, wala rafiki, wala matembezi, mzigo ule hutafuta njia yake wenyewe: huwa hasira kwa mwananchi aliyekuja dirishani, au chupa, au kipigo nyumbani. Starehe njema ni mlango uliofunguliwa kwa hiari kabla ukuta haujapasuka.

Lakini si kila kiitwacho starehe ni starehe. Twapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, je, waweza kuirudia juma lijalo bila kukopa? Pili, je, waweza kuisimulia nyumbani bila kuficha neno? Tatu, je, mwenzako mwenye mshahara mdogo kuliko wako aweza kushiriki? Pombe ya mwisho wa mwezi mara nyingi hushindwa vyote vitatu. Simu ya mkononi hupita cha kwanza na labda cha pili, lakini mara nyingi hushindwa cha tatu: watu watano hukaa meza moja, kila mmoja akitazama kiganja chake.

Wako watakaotuuliza: Je, hamwoni kuwa maneno haya yatawafurahisha wale wasiotaka kutuongezea mshahara? Watasema mtumishi ashibe upepo wa ziwa. Twajibu kwamba sivyo. Upepo wa ziwa haulipi ada ya shule, na Chama kisiache hata siku moja kudai kilicho haki. Lakini mtu aliyechoka na mpweke hadai vema. Hulalamika pembeni, kisha huogopa mkutanoni. Wale waliozoeana kwa mpira na mazungumzo ndio wasimamao pamoja siku ya shida.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mashauri manne, yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza, kila mtumishi mgeni atembelewe na wanachama wawili katika juma lake la kwanza, nao wamchukulie kahawa ya kutafuna. La pili, liwekwe kabati la vitabu na magazeti, na kila mwanachama alete kitabu kimoja. La tatu, jioni moja ya kila mwezi iwe ya wanachama kusoma, kuimba au kuonyesha kazi za mikono yao, na mpigaji wa enanga aalikwe na kulipwa kwa heshima. La nne, jioni hiyo iwekwe saa ambayo wanachama wanawake wataweza kufika, na watoto waruhusiwe kuja.

Mashauri haya si makubwa. Lakini katika zile saa 48,750, jioni moja kila mwezi kwa miaka 30 ni jioni 360 tu. Chama kisipoweza kuwapa watu wake hizo, kitakuwa kimewafundisha kungoja, na kungoja twakujua tayari.