Barua ya Mume Aliye Safarini

Leo tutazungumza habari za barua moja ya mapenzi, iliyoandikwa kwa mkono na mchezaji wa michezo ya kuigiza.

Mchezaji huyo ni Edward Alleyn, Mwingereza. Alimwoa Joan mwaka 1592. Mwaka 1593 tauni iliushika mji wa London, na watu wengi wakafa. Serikali ilifunga majumba ya michezo, na wachezaji wakaenda kutafuta riziki katika miji mingine. Joan akabaki London, penye ugonjwa.

Tarehe 1 Agosti Alleyn alikuwa Bristol. Akashika kalamu. Je, aliandika nini? Alimwita mkewe "panya", maana kwao hilo ni jina la kubembeleza. Alimwambia aitunze nyumba iwe safi, amwage maji mbele ya mlango kila jioni, na aweke madirishani majani yenye harufu kali. Watu wa zamani walidhani harufu hiyo huzuia tauni. Kisha akamwagiza apande mboga bustanini mwezi wa Septemba, na soksi zake za sufu zitiwe rangi nyeusi, apate kuzivaa wakati wa baridi.

Soksi! Je, hayo ni mapenzi? Ndiyo. Mtu anayetaja baridi ijayo anatumaini kurudi, na kumkuta mwenzake mzima.

Tena alimlaumu kidogo: hunipi habari za nyumbani. Barua za nyumbani za mwaka ule zilizobaki ziliandikwa na Philip Henslowe, baba wa kambo wa Joan. Salamu za mke zilipita katika kalamu ya mzee. Nawe fikiri: nani atamweleza mumewe yote ya moyoni mbele ya baba yake?

Joan alipona, akaishi mpaka mwaka 1623. Alleyn alianzisha shule ya Dulwich, London, mwaka 1619, na barua ile imehifadhiwa huko hata leo.

Sasa kazi yako. Mwandikie umpendaye aliye mbali mistari mitano. Usitafute maneno makubwa. Mweleze jambo moja la nyumbani, na jambo moja mtakalofanya atakaporudi. Ukikosea herufi, si kitu. Iandike kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa herini.