Mlimani, Usifiche Unachoumwa

Nasikia klabu yenu imeanza kuchangishana fedha za kwenda Kilimanjaro: kuingia kwa lango la Marangu, kulala usiku mmoja kituo cha Mandara, kesho yake kuteremka. Safi sana! Lakini kabla ya kuhesabu nauli, hesabuni urefu.

Ukisimama Feri ukisubiri pantoni, uko usawa wa bahari. Mandara ni kama mita 2,700 juu. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 6. Kwa hiyo usiku ambao Feri ni nyuzi 25 na watu wanalala na feni, Mandara ni kama nyuzi 9, na mvua juu yake. Tafuteni sweta nzito, koti la mvua, kofia na soksi za sufu. Mitumba ya Mchikichini inatosha. Jinzi acheni nyumbani. Ikilowa haikauki, na inakunyonya joto la mwili. Viatu vipya navyo vivaeni mapema, mtembee navyo Kariakoo hadi Feri na kurudi, vizoee mguu.

Sasa hewa. Kuanzia kama mita 2,500 hewa ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, chakula hakipiti, usingizi unakimbia. Eti wewe mchezaji mpira, hayakupati? Hapana! Nguvu za uwanjani hazikukingi. Dawa ni kupanda polepole, kunywa maji, na kutopanda zaidi ukiwa na dalili. Mwenzako akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema huku amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni saa nane usiku.

Na akiwa na homa? Msiseme tu "ni mlima huo." Mmetoka Dar, mbu wetu mnawajua. Ateremshwe akapimwe malaria.

Jambo kubwa ni hili. Katika darasa lenu huenda yupo mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoita, na hajamwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa. Oksijeni ikipungua anaweza kupata maumivu makali na hata kufa. Ndugu yangu, kama ni wewe, usipande kabla ya kuzungumza na daktari wako. Ukiambiwa ubaki chini, si aibu. Mwenye pumu naye abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake, si kwenye mzigo wa mpagazi. Wasichana, bebeni pedi hata kama tarehe haijafika, maana safari huvuruga mahesabu.

Ndiyo maana nawaomba, mwezi mmoja kabla ya safari, kila mmoja akutane na mwalimu peke yake, mlango umefungwa, aseme anaumwa nini na anatumia dawa gani. Siri hiyo aijue mwalimu, na kiongozi wa mlima pale inapobidi. Halafu gawaneni wawili wawili. Kila mtu amwangalie mwenzake.

Mwisho, kabla hamjapanga tarehe, ulizaneni: mmoja wetu akisema "siwezi tena," nani atateremka naye pamoja na kiongozi? Andikeni majina mawili sasa hivi. Msingoje kubishania huko juu kwenye baridi.

Haya, nani ana swali?